Chai Aliyoiomba Mama

Kwetu Ujiji mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Ikijulikana una kisukari, kila anayebisha hodi ana majani yake, na kuyakataa ni kama kumwita mwenzio mchawi. Mama yangu hakuwa na ubavu huo. Kila asubuhi alimeza vidonge vya hospitali, akashushia na mubirizi, majani machungu ambayo mama mdogo alimchemshia na kumletea kwa dumu kutoka Mwandiga.

"Kichungu kinakata kitamu, dada," mama mdogo alikuwa akimwambia. Na kweli kilikata. Hospitali walimsifu mama kwa kipimo kizuri. Yeye hakutaja mubirizi, alijua wauguzi watamfokea. Akaona akiongeza kikombe atapona kabisa, kumbe dawa zote mbili zilikuwa zinaishusha sukari ileile.

Siku hiyo nilirudi mchana kutoka sokoni Mwanga nikamkuta mama amelala mkekani, kalowa jasho, haitiki. Mama mdogo alikuwa anajaribu kumnywesha.

"Sukari imempanda," akaniambia. "Nimempa kikombe kingine."

Tukampakia kwenye bajaji. Daktari alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akaagiza dripu ya sukari haraka.

"Sukari yake imeshuka mno. Amekunywa nini?"

"Vidonge vyake tu," mama mdogo akajibu, macho chini.

Nilitamani kumzaba kofi, mtu mzima yule. Nikamweleza daktari habari ya dumu. Dripu ikaingia yote, mama hakufumbua macho. Kesho yake alifariki.

Daktari hakutugombeza, na bora angetugombeza. Alisema jasho lile na kutetemeka ni dalili za sukari kushuka, na kwamba mtu akiwa bado anaweza kumeza, hupewa kitu chenye sukari upesi. Mama mdogo akakaa sakafuni palepale koridoni.

Msiba mzima sikumsemesha. Nilikuwa na hasira naye, sitaficha. Wanawake walipoanza kutawanyika, alinifuata jikoni akanishika mkono.

"Aliomba chai," akasema. "Kabla hujafika. Anatetemeka, ananiambia, 'Mdogo wangu, nipe chai ya sukari, nakufa.' Akaniomba tena, analia. Nikachukua kopo la sukari nikalifungia kabatini, mwanangu. Nilikuwa namwokoa."