Habiba Alivyoificha Krismasi

Ukitaka kujua Krismasi inakaribia, usimwulize pasta, mwulize Habiba. Mvua za Novemba zikiwa bado zinatupiga, yeye tayari anapita mlango kwa mlango katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaa wa Manyatta, akiuliza nani ataleta unga, nani atapaka ukuta chokaa, na nani yule aliyetuletea mwaka jana mchele wenye mawe. Sisi Wakristo tunaulizwa hayo na mwanamke anayeswali swala tano, na tunajibu tukiwa tumeinamisha vichwa kama watoto waliokosa kuoga.

Mimi ni Achola, mlango wangu na wake imepakana. Nauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, na kanisani niko katika chama cha akina mama. Nimekaa na Habiba tangu Amirah wake akiwa wa kubebwa mgongoni, na mgongo wenyewe mara nyingi ulikuwa wangu, kwa sababu Habiba alifiwa na mume mapema na ilibidi atoke alfajiri kwenda kuuza mandazi stendi. Kwa hiyo nikimsema, namsema mtu ninayemjua. Sisengenyi. Na hata nikisengenya, nina haki.

Kila Desemba Habiba anakata tawi la saiprasi, analisimamisha ndani ya mkebe wa rangi uliojaa mchanga, analifunga nyuzi za kung'aa na mabaluni, halafu analinyunyizia pamba ya hospitali.

"Hii pamba ni ya nini?" nilimwuliza mwaka mmoja.

"Ni theluji."

"Theluji Manyatta, Mama Amirah? Wewe theluji umeiona wapi?"

"Na wewe Bethlehemu umefika lini, Mama Frankline?"

Huyo ndiye Habiba. Ukimwambia hii sikukuu si yake, anakujibu kwamba Nabii Isa ni wao pia, sisi wametuazima tu na hatujui kutunza vitu vya watu. Ikifika siku yenyewe anavaa kofia nyekundu juu ya mtandio, anakaa mbele ya jiko na kusukuma chapati za ploti nzima. Chapati zake unakunja kama leso. Zangu mimi, Frankline mwanangu alisema zinaweza kuziba paa.

Basi Amirah akakua, akapata kazi kwenye duka la dawa mjini, na akampata Sabir, kijana mpole wa Mbita. Baba yake Sabir, Bwana Salim, ana duka kule, na sifa zake zilivuka ziwa kabla yake. Tuliambiwa ana alama ya sijda kwenye paji la uso. Tuliambiwa hakosi msikitini. Habiba alipokea sifa hizo zote kwa furaha mpaka simu ikaja: wazee wanakuja kuposa tarehe ishirini na tano Desemba, maana siku hiyo ndiyo duka limefungwa.

Yawa! Mwanamke alikonda tukimwona. Kukataa tarehe aliogopa, wasije wakaona anaringa. Kukubali ni wamkute na kofia nyekundu chini ya mti wenye theluji. Amirah hakuulizwa lolote. Siku hizo anayeolewa alikuwa saluni akichorwa hina, na mama yake alikuwa ameshaamua kwamba katika ploti yetu Krismasi itafichwa mpaka wageni waondoke.

Alituita wote uani. Hakuna nyimbo za Krismasi. Hakuna mabaluni. Mbuzi atachinjwa wageni wakishavuka geti wakienda. Na nguruwe asionekane hata kwa harufu. Hapo Ochieng wa chumba cha mwisho, ambaye kanisa analijua kwa nje tu, alisimama akapiga kelele kuliko sisi wote: "Hii ni kudharau imani yetu!" Imani yake ilikuwa kilo mbili, alikuwa ameshaagiza na ndimu. Lakini Habiba alipoahidi kwamba wageni wakiondoka atasukuma chapati mpaka tuseme basi, watu walikubali haraka, Ochieng wa kwanza. Hivyo ndivyo tulivyoiuza Krismasi yetu, na Yuda angalau alipewa fedha.

Jioni ya tarehe ishirini na nne Habiba alikuja kwangu akiukumbatia ule mti. Nikampa nafasi nyuma ya kitanda, nikaufunika shuka. Hakutoka. Alisimama akichezea ncha ya mtandio.

"Mama Frankline, kesho..."

"Kesho nitavaa lile gauni la kijani," nikamwambia. "Shangazi wa bibi harusi hawezi kukaa na matambara mbele ya wakwe."

"Nilikuwa nasema, kesho Mama Nuru wa Kaloleni atakuja kukaa kama shangazi. Unajua, wao ni watu wa dini. Wewe ukae kwako kwanza. Wakienda nitakuita."

Akufukuzaye hakwambii toka. Mama Nuru! Mama Nuru ambaye Amirah alipougua malaria hakumletea hata panadol! Mimi ndiye niliyekimbia na mtoto huyo mgongoni mpaka hospitali, miguu peku, matope mpaka magotini. Nilitaka kumwambia Habiba hayo yote, na mengine ambayo mama wa kanisa hapaswi kuyajua. Nikasema tu, "Sawa." Mimi, Achola, nikasema sawa. Iliniuma kweli, na sitajifanya haikuniuma. Nilifikiria uso wa Amirah tu.

Kesho yake sikwenda kanisani. Ningewezaje kwenda kuimba halafu nirudi kujifungia kama kuku mgonjwa? Nilikaa kitandani na gauni langu la kijani, mti nyuma yangu. Ploti ilikuwa kimya kabisa. Huko nje Manyatta yote inatetemeka kwa ngoma, kwetu hata mtoto hakohoi. Chumbani kwa Habiba kulikuwa na biriani iliyopikwa na Mama Nuru. Habiba alikuwa ameogopa hata kushika unga, asije akatoa harufu ya sikukuu.

Sasa nikuulize wewe: nyumba ambayo siku ya Krismasi haina redio, haina moshi wa jikoni, mama mwenyewe hakuonekana kanisani na mlango umefungwa, kwetu inaitwaje? Inaitwa msiba.

Rachael, mwenyekiti wa chama chetu, aliona kiti changu kitupu ibadani. Akamtuma mtu apite getini kwetu. Mtu akarudi akasema kule ni kimya na watu wana nyuso za kufiwa. Na nyuso walikuwa nazo kweli, maana walikuwa na njaa. Rachael hakungoja zaidi. Mwanamke huyo tangu zamani anapenda msiba kuliko harusi, kwa sababu harusini hawezi kupiga nduru.

Nikiwa pale kitandani nikasikia, "Wuololo! Achola nyaminwa, dada yetu! Wuololooo!" Akina mama wa chama kizima waliingia getini wakiwa na mavazi meupe, mikono kichwani, mmoja amebeba sukari na majani. Na nyuma yao kabisa, wakiwa na mabegi yao na vumbi la Luanda Kotieno walikoshuka kwenye feri, walikuja Bwana Salim, mkewe na Sabir.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Habiba alitoka mbio, akasimama katikati ya uwanja hajui amkumbatie mkwe au amnyamazishe Rachael.

"Inna lillahi," Bwana Salim akasema akivua viatu hapo hapo uani. "Poleni sana. Nani amefariki?"

"Hata sisi tunauliza!" Rachael akalia. "Nani amekufa?"

Nikafungua mlango wangu kwa kishindo. "Krismasi!" nikasema. "Iko hapa nyuma ya kitanda. Njooni muione maiti."

Shuka lilikuwa limeshateleza. Bwana Salim alichungulia kwangu akauona mti, pamba, mabaluni, kila kitu. Habiba alifumba macho. Mzee akasogea, akashika ule uzi wa kung'aa kwa vidole viwili, akaugeuza.

"Huu umetoka dukani kwangu," akasema. "Hii rangi niliileta mimi. Desemba nzima siuzi kitu kingine, mama. Ndiyo maana leo nimefunga, rafu ziko tupu."

Mkewe hakuwa na habari na uzi. Alikuwa ametoa simu, anaikodolea macho, anamkodolea Habiba. "Huyu si wewe?" Ilikuwa picha ya mwaka jana, Amirah alikuwa amempelekea: Habiba na kofia nyekundu, unga puani, anacheka mpaka ufizi. "Mimi nilimwambia Baba Sabir twende siku hii hii, tumkute huyu huyu. Tumetoka Mbita na njaa ya chapati. Na huyu aliye kando yako hapa kwenye picha, si ndiye mama mdogo ambaye Amirah hamalizi kumtaja? Mbona mmemwacha mlangoni kama mpita njia?"

Wote wakanigeukia. Mama Nuru, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa Habiba na sinia, alitazama biriani yake.

"Ni dada yangu," Habiba akasema.

Kumbe! Nilikuwa dada tangu picha ionekane. Nilikuwa na jibu la kumpa, refu, lakini Amirah alikuwa ameshafika na kunishika mkono kwa vidole vyake vyenye hina, akaniketisha mbele ya wakwe, na Mama Nuru akasogea. Chapati pekee zilizokuwepo ploti nzima zilikuwa zangu, nilizopika jana yake. Mama Sabir alitafuna moja kwa subira ya mtu aliyefunga, akasema alhamdulillahi. Posa ikapita. Jioni Ochieng akapata na nguruwe wake, nje ya geti.

Mimi na Habiba hatukuzungumza habari hiyo. Tulisalimiana, tukaazimana chumvi, lakini uani sikukaa naye tena. Idd ilipofika akanitumia neno niende. Nilikuta wakwe wote wameketi mkekani, sufuria ya pilau katikati. Sikuingia. Nikasimama mlangoni na gauni langu la kijani, nikauliza kwa sauti watu wasikie:

"Hodi. Mama Amirah, leo mimi ni nani hapa?"

Wageni wakacheka wakidhani ni utani wetu wa kila siku. Habiba hakucheka. Aliinuka, akaja mpaka mlangoni, akanipa mwiko.

"Leo wewe ndiye unayepakua," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Mwenye kupakua ni mwenye nyumba, kila mtu anajua. Nikaingia, nikapakua. Bwana Salim nilimpa paja, Mama Sabir nikampa mbavu, Amirah nikampa maini. Habiba nilimpa shingo, mfupa mtupu, na wali wa chini ulioungua. Aliupokea kwa mikono miwili, akaula wote.