Mwaka Dada Yangu Alipoacha Bukari

Kumrudisha dada yangu kwenye chakula kulitugharimu mbuzi wawili, baiskeli ya baba na salamu za jirani. Nimehesabu mara mbili, haipungui. Hospitali ya kampani haikututoza kitu, maana baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda chake. Mbuzi wa kwanza alikwenda kwa mganga wa mizizi. Wa pili alikuwa faini kwa majirani, baada ya mama kudai kwamba kijana wao amempa dada mimba. Mimba haikuwepo. Kulikuwa na mifupa tu.

Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, bendera mpya yenye misalaba ya shaba ikipepea mbele ya ofisi, na bei za soko la Likasi zikipanda kabla sijamaliza kuzipunguza. Niliuza samaki wakavu wa Mwadingusha. Baba na mimi tulikula sebuleni. Mama, dada na wadogo walikula jikoni, beseni moja la bukari, ugali wetu, na bakuli moja la sombe, majani ya muhogo. Dada alifinyanga tonge zuri, akachovya, akamtia mdogo mdomoni. Kisha jingine, kwa mwingine. Mama alimsifu kwa huruma yake.

Siku alipoanguka kwenye robine akiteka maji, tukampeleka hospitali. Masere, mtawa aliyekuwa muuguzi pale, akamuuliza mama:

“Anakula kiasi gani?”

“Anakula na wenzake.”

“Ndiyo, lakini kiasi gani?”

“Masere, mukono wa muntu mu beseni hatuuangaliake. Ni haya.”

Akanigeukia mimi mwenye kuhesabu kila kitu. Matonge yake sikuwahi kuyahesabu.

Daktari alisema ni ugonjwa, si kiburi wala uchawi. Dada alilazwa wiki nyingi. Walianza na maziwa kidogo kidogo, kwa kuwa moyo ulikuwa umechoka, kisha uji, kisha mayai. Masere alikaa naye kila mlo, na baada ya mlo pia, akifuma sweta na kuzungumza habari za watu. Siku moja walikuta yai ndani ya foronya. Masere hakumgombeza. Alileta jingine.

Baiskeli iliuzwa dada aliporudi nyumbani, ili tununue maziwa na mayai. Masere alitupa masharti: sahani yake mwenyewe, mtu mmoja wa kukaa naye hadi amalize, hakuna kusifu, hakuna kukaripia, hakuna kuzungumzia mwili wake.

“Sahani yake peke yake?” mama akasema. “Iko mugeni hapa?”

Nikachaguliwa mimi kukaa naye.

“Yaya, nusu,” dada akaanza, akiniita kaka mkubwa kama kawaida yetu.

“Yote.”

“Robo tatu, na minye nitaosha sahani.”

“Sahani utaosha vile vile.”

Akacheka. Nilidhani nimefanya kazi nzuri, mpaka Masere aliposikia.

“Weye, acha bei. Ukimufungulia soko, kila siku atapunguza kidogo.”

Basi nikajifunza kukaa bila kupatana bei, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilimsimulia habari za wateja wangu na uongo wao. Siku za risasi za vita tulikaa chini ya meza, sahani kati yetu, na masharti yalibaki yale yale. Kuna wiki alirudi nyuma, tukarudi kwa Masere. Halafu jioni moja, bila kuambiwa, alisukuma sahani kando, akaenda jikoni, akatia mkono kwenye beseni pamoja na wadogo. Tonge lilikwenda mdomoni mwake. Mama akageukia ukuta kana kwamba anatafuta chumvi.

Leo ana wajukuu, na sombe yake ndiyo bora mtaani. Nikimtembelea tunakula beseni moja, na macho yangu yanaufuata mkono wake mpaka mdomoni. Anajua.

“Yaya, minye nilipona zamani,” aliniambia juzi. “Weye utapona lini?”

Kama yuko aliyewahi kumlinda mtu hivyo, kisha akaweza kuacha, naomba anishauri: huanzia wapi?