Sukari ya Mfuko wa Koti

Mimi ni mtu wa shaka tangu utotoni, na sioni haya kusema. Ukinisifia nguo, najiuliza unataka nini. Ukinikaribisha chakula kabla sijafika mlangoni, nakaa nikijua una lako jambo. Mama alikuwa akiniambia nina macho ya polisi. Kwa hiyo baba alipoanza kurudi nyumbani na kitu ndani ya mfuko wa koti, wa kwanza kukiona nilikuwa mimi.

Baba ndiye aliyeshika ufunguo wa duka la kijiji, juu kidogo ya Lushoto, njia ya kwenda Magamba. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na sukari ilikuwa imeadimika nchi nzima. Ikija, ilipimwa mbele ya watu wote, kila kaya fungu lake, na asiyekuwepo shauri yake. Mwenye ufunguo alichungwa kuliko mwizi. Nyumba yake ikinukia kitu kitamu tu, kesho jina lake limeshafika mtoni kwa wanawake wanaofua. Mwuzaji aliyemtangulia baba alisemwa hivyo hivyo mpaka akahama na wanawe, na nyumba yake ikabaki imeota nyasi mlangoni.

Sasa, kila siku ya kugawa sukari, baba alirudi na fungu letu ndani ya kikapu, peupe, kila mtu akiliona. Hilo halikunisumbua. Lililonisumbua ni kikaratasi kilichokunjwa ndani ya mfuko wa koti. Hakupitia sebuleni. Aliingia moja kwa moja jikoni kwa mama, wakanong'ona Kishambaa cha chini chini, na mimi nikiingia wananyamaza. Mama anaanza kusonga bada, ugali wetu wa muhogo, kwa nguvu, baba anauliza habari za ng'ombe. Ng'ombe alikuwa mmoja, na habari zake tulizijua wote!

Nilitafuta kile kikaratasi kila mahali nisikione. Walionionyesha ni sisimizi. Siku moja nikawaona wamejipanga mstari, wanapanda ukuta wa jikoni hadi darini, pale mama alipoweka kuni za akiba. Nikapanda juu ya kinu nikachungulia. Kopo. Nikachovya kidole, nikalamba. Sukari, tena karibu nusu kopo!

Roho iliniuma, jamani. Si kwamba nilimwonea huruma mtu. Nilikasirika. Baba yangu, aliyesimama kanisani kusoma Neno, mbele ya watu anapima sukari mpaka punje ya mwisho, kumbe nyuma anakunja vikaratasi! Na nyumbani hata kwenye chai yake hakutia sukari, eti tumbo halitaki. Nikasema moyoni, tumbo gani hilo? Huyu anajionyesha msafi.

Mwaka huo nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mbali, safari ya mabasi mawili. Niliwaza jambo moja tu: baba akikamatwa, mimi nitasoma wapi? Nani atamlipia nauli binti wa mwizi? Sikumwuliza mtu. Niliendelea kuchungulia darini, na kopo likaendelea kujaa.

Siku mbili kabla ya safari, mama alinituma mfereji wa juu nikachume mnanaa. Niliporudi nikamkuta ameshusha lile kopo bila aibu, na pembeni yake kopo jingine dogo la bati, lenye unga mweusi. Ilikuwa kakao. Kabla hajaolewa mama alifanya kazi jikoni kwa masista wa misheni, na mmoja wao alipokuwa akirudi kwao Ulaya alimwachia kopo hilo. Alilifunga kwa nta ya nyuki akalificha miaka yote hiyo.

"Leo utaona biskuti za watu wenye jiko lao," akasema.

Siagi alikuwa ameipata kwa kutikisa mtindi ndani ya chupa mpaka mkono ukafa ganzi. Akakanda unga wa ngano na siagi na sukari, akaugawa mafungu. Moja akalitia kakao. Mengine mawili akayatia maji ya mnanaa uliotwangwa, yakawa ya kijani. Akayasukuma yote mapana, akayapanga: kijani chini, nyeusi katikati, kijani juu. Kisha akakata vipande kwa kisu. Jiko lenyewe lilikuwa sufuria kubwa lenye mchanga chini, mafiga matatu, na mfuniko wa bati uliorundikiwa makaa ya mti wa mwati juu yake.

Harufu iliyotoka humo sijawahi kuinusa tena. Kijijini hakuna aliyewahi kuinusa. Ikapita ukutani, ikavuka migomba, ikamfikia mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye pua yake haikuhitaji msaada. Nilikuwa nje napepea makaa nilipomwona amesimama uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Makubwa! Mnapika nini leo, mbona kunanukia hivi? Sukari mnaitoa wapi wenzetu?"

Mama alikuwa ndani, hakusikia. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema karibu ndani. Lakini hasira ya miezi yote ilikuwa imenifika kooni.

"Kamwulizeni baba," nikasema. "Si ndiye mwenye ufunguo?"

Akanitazama, akavuta khanga begani, akaondoka bila kuaga. Hapo ndipo niliposikia nilichosema. Nilitamani kumkimbilia, lakini nikarudi kwenye makaa.

Jua halijageuka vizuri, baba akaja amefuatana na balozi na mwenyekiti wa kamati ya duka. Walikuwa wametoka dukani, katikati ya mgao wa siku hiyo. Walikuwa wamepima sukari yote upya, gunia kwa gunia, na haikupungua hata kijiko. Lakini balozi hakuridhika.

"Ya duka imetimia, sawa," akasema. "Hii inayonukia hapa ni ya nani?"

Mama akawakaribisha. Kwetu mgeni haambiwi subiri wakati chakula kiko motoni, hata kama amekuja kukukamata. Akawatolea biskuti kwenye sinia. Mwenyekiti akachukua moja, akaifikisha mdomoni, mkono ukasimama. Akaigeuza. Kijani, nyeusi, kijani.

"Mama nanihii," akasema polepole, "hii si bendera ya Chama?"

Lo! Hakuna aliyecheka. Nje, kwenye mlingoti wa ofisi ya kijiji, bendera ilikuwa inapepea na rangi zile zile, na sisi tumeioka kwenye sufuria! Mama alishika mdomo. Kwa masista mafungu yale mengine yalikuwa meupe. Kijani kilitokana na majani ya mfereji wetu. Mwenyekiti alibaki ameishika ile biskuti: kuila aliogopa, na kuirudisha kwenye sinia aliogopa zaidi.

Baba ndiye aliyeongea. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kikaratasi kilichokunjwa, akakiweka mbele ya mwenyekiti.

"Hiki unakijua?"

Mwenyekiti akakifunua. "Si sukari yako ya chai?"

Ndivyo nilivyopata kujua, nimesimama mlangoni. Siku ya mgao baba alisimama tangu asubuhi mpaka jioni, na kamati ilikuwa imemruhusu kikombe kimoja cha chai chenye vijiko viwili vya sukari. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyempimia. Baba alikunywa chai chungu, vile vijiko viwili akavifunga kwenye karatasi. Na nyumbani naye hakutia, wala mama hakutia, ili fungu lao liende kwenye kopo.

"Huyu anakwenda shule ya mbali," baba akasema, bila kunitazama. "Mama yake alitaka afike na kitu mkononi kama watoto wa watu."

Balozi akajikuna shingo. Halafu, kwa kutaka kujitetea tu, akasema, "Usitulaumu, ndugu yangu. Hata binti yako mwenyewe ndiye aliyesema tukuulize wewe mwenye ufunguo."

Baba akageuka. Hakunifokea. Afadhali angenifokea! Alinitazama kama anayemtafuta mtu aliyemfahamu, kisha akafungua kamba ya kiunoni, akautoa ufunguo wa duka, akauweka juu ya sinia, kando ya biskuti.

"Tafuteni mtu mwingine," akasema. "Mimi kwangu siaminiki."

Mwenyekiti alimsihi siku hiyo na kesho yake. Baba hakuuchukua tena ufunguo. Akarudi kulima kabichi.

Biskuti nilikwenda nazo shule. Wenzangu walizila wakazisifu. Mimi sikuweza kumeza hata moja. Niliporudi likizo nilipiga magoti nikaomba msamaha, baba akaniinua, akasema yameisha. Lakini tangu hapo, kila nilipokuja nyumbani, alinyanyua mikono juu mlangoni na kugeuza mifuko ya koti nje. "Haya polisi, nikague." Watu wote walicheka. Ulikuwa utani, na alinitania hivyo miaka yote, hata mbele ya mume wangu na wanangu. Sikucheka hata mara moja.

Alipolazwa mara ya mwisho nilimwokea zile biskuti kwenye jiko langu la umeme, kijani, nyeusi, kijani. Bendera yenyewe ilikuwa imeshabadilishwa zamani. Akaishika moja, akaitazama ubavuni. Nikaona macho yanacheka.

"Sukari umeitoa wapi?"

"Ni ya kwangu, baba," nikasema. "Tangu ulipolazwa sijatia sukari kwenye chai."

Madukani sukari ilikuwa tele, na alijua. Akala biskuti mbili, taratibu, mpaka makombo. Ya tatu akanirudishia, akanielekeza koti lake lililotundikwa ukutani, nami nikaifunga kwenye karatasi nikaitia mfukoni.