Kitabu Alichokabidhi Bila Risiti

Jumanne, saa nne kasoro asubuhi, nilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha zahanati nakunja mashuka na mwenzangu, yeye kashika pembe mbili na mimi mbili. Simu ikaita mfukoni mwa aproni. Alikuwa wifi yangu. Hakunisalimu.

"Wifi, kaka yako ametuacha. Alikuwa kwenye benchi la duka la dawa anasubiri namba yake. Wameiita mara tatu."

Nikasema, "Sawa." Ndilo neno lililonitoka, Mungu anisamehe. Tukamaliza kulikunja lile shuka, kisha nikakaa juu ya kapu la nguo chafu, na mwenzangu akafunga mlango ili nilie.

Naandika haya kwa ajili ya watoto wa kaka, maana mtaani watasikia mengine.

Kaka alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha unga kwa miaka thelathini na moja. Pale hakuna gunia lililotoka bila karatasi tatu: nyeupe ya mchukuaji, njano ya kubandikwa ubaoni, na ya buluu inayobaki kitabuni. Tabia hiyo ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Siku moja aliazima mwavuli wangu, na kesho yake akanitumia karatasi: "Nimepokea mwavuli mmoja mweusi, ubavu mmoja umepinda." Karatasi ninayo hadi leo. Mwavuli hakuurudisha. Watu walimwita Mzee Risiti, naye akiitwa hivyo anaitika vizuri tu.

Alipostaafu, tawi la chama chake likamchagua kuwa mweka hazina. Hakuwa mtu wa kupiga kelele kwenye siasa. Nadhani walimchagua kwa sababu ya mwandiko. Akaanzisha utaratibu wa stoo: kila anayekichangia chama anakatiwa nyeupe, njano inabandikwa kwenye ubao mlangoni mwa ofisi, buluu inabaki. Jumamosi ya kwanza ya mwezi anasimama kwenye mkutano anasoma majina yote, na kila aliyetajwa ananyoosha mkono. Aliyetoa elfu mbili anasomwa kwa sauti ileile ya aliyetoa laki mbili. Mikutano ilirefuka, watu wakalalamika kwamba wanakaa njaa, lakini walikuja.

Miaka mitano iliyopita, uchaguzi wa diwani ulipokaribia, mkandarasi mmoja wa barabara, tunayemwita Kokoto, alileta mfuko wa kaki ofisini. Ndani mlikuwa na milioni nane. Mwenyekiti wa tawi akamwambia kaka, "Hii usiandike jina. Andika 'mpenda chama', inatosha."

Kaka akauliza, "Ndivyo alivyobatizwa?"

Walicheka wote, hata Kokoto mwenyewe. Na huku wanacheka, kaka akaandika jina lote la Kokoto, lake na la baba yake, akamkabidhi nyeupe. Jumamosi akalisoma. Kokoto hakuwapo kunyoosha mkono.

Uchaguzi ukapita, chama kikashinda. Haikufika miezi minne, Kokoto akapewa kazi ya kujenga mfereji wa soko, na hakuna mkandarasi mwingine aliyeitwa kushindana naye. Mvua ya kwanza mfereji ukabomoka, maji yakaingia kwenye vibanda. Wanawake wa sokoni wakaenda mlangoni mwa ofisi ya chama wakaisoma ile karatasi ya njano, kisha wakamuuliza diwani mbele ya watu: "Zile milioni nane zilikuwa za nini?"

Siku ya pili yake, mchana, mwenyekiti akaja nyumbani kwa kaka. Akanywa chai, akasifu maua ya wifi, akasema wakubwa wa wilaya wanataka kukagua kitabu cha risiti, kwa siku mbili tu. Kaka akaingia chumbani, akakitoa, akampa.

Hakumkatia karatasi. Mtu aliyeandikia mwavuli risiti!

"Niliona haya, mdogo wangu," aliniambia baadaye. "Yule na mimi tumeimba besi kwayani miaka ishirini, tunashika kitabu kimoja cha nyimbo. Ningemwambia asaini?"

Kitabu hakikurudi. Ubao ulipakwa rangi mpya, karatasi za njano zikatupwa. Kaka alipokiulizia mkutanoni, mwenyekiti akasema, "Kitabu gani? Mtunza kitabu si wewe?" Na kwa kuwa kitabu hakipo, ikasemwa kwamba huenda hata hizo milioni hazikufika zote kwenye chama. Hakuna aliyemwita mwizi kwa mdomo wake. Walisema tu "kuna maswali", wakamwondoa.

Kuanzia hapo jina lake likawa la kumchoma. Akipita kwa kinyozi, vijana wanasema, "Mzee Risiti, tukatie basi na sisi ya zile nane!" Aliacha kwaya. Kanisani akawa anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na watu wakisimama kuimba yeye anasogeza midomo tu. Nilimwambia aende mahakamani. Akaniuliza, "Na karatasi gani?"

Kuna jambo lazima niliseme. Mwaka wa tatu wa mambo hayo nilimtembelea, nikamkuta anatengeneza soketi ya jikoni. Nikamuuliza, "Kaka, kweli hukuchukua hata kidogo?" Hakugeuka. Alisema, "Hata wewe?" akaendelea kukaza skrubu. Nimeomba msamaha kwa Mungu mara nyingi. Kwake nilikuwa nasubiri nafasi nzuri.

Jumatano watu walijaa uani. Mimi niliwekwa kwenye meza ndogo na daftari la kuandika rambirambi. Saa nane mwenyekiti akafika, kazeeka, anahema, kabeba bendera ya chama iliyokunjwa na bahasha nene. Bahasha akaiweka mbele yangu.

"Pole sana, dada. Andika 'wapenda marehemu'."

Mkono wangu ulikataa. Nikamuuliza, "Ni akina nani hao?"

"Ah, dada! Hata kwenye msiba?"

"Hapa kila mtu nimemwandika jina. Yule pale kaleta sukari kilo moja, nimemwandika."

Akainama, akanong'ona, "Ni ya Kokoto."

Wifi alikuwa amekaa mkekani, hajala tangu jana. Nilidhani hasikii. Akasema, "Mwambie Kokoto aje mwenyewe, ataandikwa. Chukua bahasha yako, shemeji. Hiyo bendera ni ya nini?"

"Ni heshima, shemeji. Tumfunike kwenye jeneza. Na mimi niseme machache kaburini. Watu wote watakuwepo, na uchaguzi ndio huu, nikikaa kimya wataniuliza."

"Bendera hapana. Kusema utasema, lakini kwanza useme kitabu alimpa nani."

Mwenyekiti akafuta jasho kwa pembe ya ile bendera, nadhani bila kujua.

"Na nikishindwa?"

"Utakaa nyuma na wenzako," wifi alisema. "Tutakupa chai kama kila mtu."

Aliondoka na bahasha na bendera yake. Msukuma mkokoteni mmoja, aliyekuwa ameegemea ukuta muda wote, akasogea mezani kwangu. Akatoa kijaluba cha plastiki, na ndani yake karatasi nyeupe iliyochakaa mikunjo: elfu mbili, sahihi ya kaka.

"Mama, mimi sina cha kutoa leo, nimekuja kuonyesha hii," alisema. "Jina langu limesomwa mbele ya watu mara mbili tu maishani. Mara moja alilisoma hakimu."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne wifi alicheka, halafu akalia sana. Nilimwandika daftarini: karatasi moja, nyeupe.

Alhamisi saa tisa tulimzika. Mchungaji alisoma, akaomba, kisha akauliza kama yupo mwenye neno. Nilikuwa namtazama mwenyekiti. Alikuwa amesimama nyuma, penye makaburi ya zamani, na nikajiambia basi, yamekwisha, kaka anaingia ardhini na maswali yao. Kisha akaanza kusogea mbele. Alikuja polepole, watu wakimpisha, akasimama upande wa miguu ya jeneza. Hakuwa na bendera.

Alianza kwa kusema marehemu alikuwa mwanachama mwaminifu. Wifi hakumwondolea macho. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo sana kwa mtu aliyezoea vipaza sauti, "Kitabu alinikabidhi mimi. Mkononi mwangu. Na kilikuwa sawa."

Basi. Hakusema kilikwenda wapi wala kwa nini hakikurudi. Watu wa nyuma hawakusikia. Nikasikia wakiulizana, "Amesema nini?" na wa mbele wakiwaambia, "Anasema kitabu alipewa yeye." Likapita hivyo kutoka mdomo hadi mdomo mpaka kwenye uzio, walipokuwa vijana wa kinyozi. Mmoja wao alivua kofia.

Sikusikia furaha. Miaka mitano ni mingi, na aliyestahili kulisikia neno lile alikuwa ndani ya sanduku.

Wakateremsha jeneza kwa kamba mbili. Kamba moja ilinasa, wakaivuta taratibu mpaka ikaachia. Wifi alitupa udongo wa kwanza, kisha watoto, kisha mimi. Nilipotupa wangu nilimwambia, kimoyomoyo, lile nililochelewa kumwambia. Kwaya ikaimba wimbo aliokuwa akiupenda. Mwenyekiti aliimba besi, akakosa kwenye ubeti wa pili, akanyamaza. Wanaume wakapokezana sepetu mpaka udongo ukajaa. Tukaweka maua, mchungaji akatubariki, tukarudi nyumbani kwa miguu, wifi kanishika mkono.