Kibuyu cha Ulezi Juu ya Moshi

Mjomba alinipigia simu mwezi wa kumi kuniambia kwamba jiko la bibi linavunjwa. Wanajenga jipya la matofali na bati, na kama kuna kitu changu nikichukue kabla fundi hajafika. Nikapanda gari la asubuhi kutoka Sumbawanga hadi Chala, nikamalizia kwa miguu, na upepo wa Ufipa ukanikumbusha kwamba nimesahau sweta. Jiko lilikuwa na giza lake lile lile. Juu ya mafiga, kwenye kamba iliyojaa masizi, kilining'inia kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi la hindi. Nilikishusha nikakitikisa, na ndani ulezi ukasikika. Mimi mtu mzima, mwalimu wa kemia, mama wa watoto wawili, nikakaa kwenye kigoda cha bibi nikalia.

Ngoja nikueleze habari ya kibuyu hicho, maana nina kesi nacho ya tangu utotoni.

Nililelewa na bibi kwa sababu baba na mama walikuwa huko ziwani, wakishughulika na dagaa. Kwa bibi siku ilianza na uji wa ulezi na kuisha na ugali wa ulezi, ule mweusi wenye kushiba kweli, kwa maharage yaliyochemka tangu mchana. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kufagia uwanja na kupepeta. Kupepeta sikukuweza. Pumba zilinirudia machoni, na bibi alikuwa akisema, "Wewe unapigana na upepo, mwenzio anaomba." Kisha anachukua ungo, anausukuma mara tatu, na pumba zinaondoka zenyewe.

Ulezi wa kula ulikaa kwenye kihenge. Ulezi wa mbegu ulikaa kwenye kibuyu, juu ya moto, upate moshi usiingiwe na wadudu. Mbegu hiyo bibi alipewa na mama yake siku alipoolewa. Ilikuwa nyekundu iliyoiva, na kila msimu aliichagua suke kwa suke. Majirani walikuwa na ulezi wao, lakini ule wa bibi hakuna aliyekuwa nao.

Nikiwa darasa la saba tulipata mwalimu mpya wa sayansi, kijana mwembamba aliyevaa koti hata jua likiwaka, kwa sababu baridi yetu ilikuwa imeshamtisha. Maabara hatukuwa nayo. Alitufundisha atomu kwa kipande cha chaki. Alikivunja, akakivunja tena, akasaga kilichobaki kwa kidole, kisha akapuliza vumbi na kutuambia kwamba hata hapo bado hatujaikaribia. Alitueleza kwamba chumvi ni kampaundi, imetokana na elementi mbili: moja ni metali inayowaka ikiguswa na maji, nyingine ni gesi ya sumu. Zikiungana zinakuwa kitu cha kutia kwenye mboga, na huwezi kuzitenganisha kwa kupepeta wala kuchuja. Mchanganyiko ni habari nyingine. Vitu vilivyochanganyika tu hutengana ukijua njia.

Kesho yake alitaka atuonyeshe. Mmoja alete chumvi, mwingine mchanga wa mtoni, na mimi nilete nafaka ndogo ndogo. Ningeweza kuchota kwenye kihenge. Lakini ulezi wa kihengeni ulikuwa na makapi na vijiwe, na mimi nilitaka kusifiwa. Bibi alipokwenda kuchuma mboga nikapanda juu ya kigoda nikakishusha kibuyu. Nilijiambia nitakirudisha kabla hajageuza macho.

Mwalimu alisema niweke kiganja kimoja. Nikakigeuza kibuyu chote ndani ya beseni, darasa zima lione wekundu ule. Mwenzangu akamwaga chumvi, mwingine mchanga, maji yakafuata. Vipunje vichache vikaelea juu, mwalimu akavitoa akavitupa nje kama uchafu. Akachuja maji kwa kitambaa, akayachemsha kwenye sufuria mpaka yakakauka, na chumvi ikarudi, ya kijivu kidogo lakini chumvi. Tulipiga makofi. Kilichobaki kwenye kitambaa ni ulezi na mchanga, vimelowa, vimekumbatiana. Akaleta chekeche. Chembe za mchanga wa mto wetu ni sawasawa kwa ukubwa na punje za ulezi, kwa hiyo vyote vilipita pamoja. Alijaribu mara nne, jasho likamtoka ndani ya koti. Hapo ndipo nilipomwambia kwa sauti ndogo kwamba ile ilikuwa mbegu, na kwamba hakuna nyingine.

Akabeba beseni mwenyewe kichwani na kusema twende.

Bibi alikuwa ukumbini akichambua mboga. Mwalimu alitua beseni, akainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

"Nimekuja na kosa, bibi. Mbegu yako tumeilowesha kwa chumvi, na imeingia mchanga."

"Kosa ni langu," nikasema. "Yeye alisema kiganja."

Bibi aliingiza mkono kwenye beseni, akasugua punje kidogo kati ya vidole, akazionja. Nilimwona akimeza. Ningependa anichape, maana fimbo inaisha.

"Vilivyoelea viko wapi?" akauliza.

"Tumevitupa," mwalimu akasema.

"Sawa. Hivyo vilikuwa maganda, havina kitu."

Akaniagiza maji. Alitia ulezi kwenye bakuli la mti, akajaza maji, akaanza kulizungusha polepole. Punje zikainuka na maji, mchanga ukabaki chini, na kabla maji hayajatulia akayamimina kwenye beseni jingine. Akarudia mara nyingi, nami nikiteka, hadi chini ya bakuli pakabaki mchanga mtupu na kwenye beseni ulezi mtupu, uliosuuzwa chumvi yote. Mwalimu alichuchumaa pembeni na daftari lake, akaandika kila hatua, na wiki iliyofuata alitufundisha hivyo hivyo.

Bibi aliuanika ulezi kivulini ndani ya nyumba, siku saba, akiugeuza kwa kiganja. Aliuhurumia kuliko usingizi wake mwenyewe. Mimi nilimletea chumvi yetu ya shuleni kwenye karatasi, maana mwalimu alisema ni ya bibi kwa fidia. Bibi akaitia kwenye maharage. Tukiwa tunakula nikamweleza kuhusu ile metali inayowaka na ile gesi ya sumu. Akaacha kutafuna.

"Na mwalimu wako anaila?"

"Anaila."

"Basi niongezee," akasema, na hapo ndipo nilipojua kwamba bado ananipenda.

Lakini hatukujua kama mbegu ni nzima. Mvua za kwanza ziliponyesha alitawanya udongo wa matuta yetu ya mviringo, yale ya ntumba yenye majani yaliyooza ndani, akapanda. Kila asubuhi kabla ya shule nilipita shambani na umande miguuni. Siku ya tano nikaona kijani chembamba, mstari baada ya mstari. Nilikimbia kumwita. Alisimama akatazama shamba lote, akasema, "Imetusamehe." Tangu mwaka huo hakupanda bila kwanza kuitia mbegu kwenye maji ya chumvi, kuondoa maganda.

Nilipoanza kufundisha Sumbawanga bibi alinigawia ulezi kwenye kibuyu hiki hiki, mbegu yake akaihamishia kwenye kingine. "Upande kila mwaka," aliniambia. "Mbegu usipoipanda inakusahau." Nilikiacha pale pale juu ya moshi, nikasema nitakifuata mvua zikianza. Nyumba yangu iko Izia, pembeni kabisa ya mji, na ukivuka ua watu wanalima. Ardhi ilikuwepo. Kila msimu kulikuwa na mitihani, au mtoto mchanga, au ujenzi. Bibi alizeeka, akaacha kulima, akafariki, na shamba lake sasa ni mahindi matupu. Kibuyu kiliendelea kuning'inia.

Basi nilikileta Izia. Nikaandaa maji ya chumvi, nikamimina ulezi, nikasubiri. Ulizama wote. Hakuna hata punje moja iliyoelea, na nilifurahi kama mtoto, nikampigia mjomba simu kumwambia mbegu ya bibi ipo. Nikausuuza, nikaukausha kivulini, na mvua iliponyesha nikapanda. Kila asubuhi kabla ya shule nilitoka kwenda kutazama. Siku ya tano, ya kumi, ya ishirini. Kilichoota ni magugu.

Juzi darasani tulikuwa kwenye kutenganisha michanganyiko. Mwanafunzi mmoja akauliza kama maji ya chumvi yanaweza kutenganisha mbegu iliyo hai na iliyokufa.

Nikamwambia hapana, yanatenganisha nzito na tupu tu. Iliyo hai utaijua kwa kuipanda, na uipande mapema, wakati aliyekupa bado yupo wa kuja kuitazama.