Tulivyompata Kogo kwenye mahindi ya Ziwa baada ya kunyamaza

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Nimekaa na hii stori wiki tatu nikijiuliza kama niilete hapa, na leo nimeamua. Ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na pale nilipoharibu nitasema niliharibu.

Mimi ni mtu wa Bungoma ila kazi imenileta huku. Ni karani kwenye agrovet mjini, duka la mbegu na dawa za mifugo, naishi Kiplombe. Weekend niko kwenye timu ya kujitolea ya kutafuta watu waliopotea. Tuko kama ishirini hivi, na kiongozi wetu ni Hussein, Msomali mwenye duka la hardware, mtu wa maneno machache sana.

Mke wangu husema hiyo kazi haina mshahara na pia haina likizo.

Basi Ijumaa jioni ujumbe ukaingia kwenye group. Kogo mmoja amepotea upande wa Ziwa, kule mashambani nje ya mji.

Kwa wasiojua, Kogo ni nyanya kwa Kikalenjin. Huyu alikuwa na miaka themanini na kitu, na kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoka. Mchana huo alitoka nyumbani, jirani akamwona akiingia kwenye mahindi, na baada ya hapo hakuna aliyemwona tena.

Usiku ule mvua ilinyesha vibaya. Ana pressure, na dawa zake zilikuwa zimebaki mezani.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa huko.

Kama hujawahi kuona mahindi ya upande ule karibu na mavuno, hebu nikwambie. Yamepita kichwa, majani yamekauka nusu, shamba linaungana na shamba. Ukiingia mistari mitano tu ndani, hujui tena barabara iko wapi.

Sasa hapa ndipo kiburi changu kinaingia.

Mfumo wa filimbi kwenye timu yetu ni wangu. Mnajipanga line moja, kila mtu na fimbo ya kugawanya majani, kila mtu na filimbi yake. Ikilia mara moja, line inasonga. Ikilia mara mbili, line inasimama. Kwa mfumo huo tuliwahi kumpata mlevi mmoja Chepsaita amelala kwenye mtaro, na niliisimulia hiyo kila mahali mpaka watu wakanichoka.

Wanakijiji walijiunga nasi tukafika wanaume karibu hamsini. Mimi katikati napuliza. Nilijiona kamanda kabisa.

Saa nne, hakuna kitu.

Saa sita, tukapata kiatu kimoja cha raba na nyayo mbichi zikielekea ndani. Watu walifurahi, halafu wakaanza kukasirika. Kama yuko hai na anatembea, mbona haitiki? Tuliita jina lake mpaka koo zikakauka. Wengine wakasema labda hasikii, lakini mwanawe Kogo, ambaye tulikuwa naye kwenye line, akatuhakikishia anasikia vizuri kuliko sisi wote.

Saa tisa mawingu yakaanza kujikusanya. Hussein akanivuta kando.

"Akinyeshewa usiku wa pili, kesho hatutakuja kutafuta," akaniambia. "Tutakuja kubeba."

Tukaitwa kunywa chai. Aliyeileta ni Chebet, mke wa yule mwanawe Kogo, ambaye ndiye anayekaa naye kila siku. Sisi tukatoka kwenye mahindi vile tulivyokuwa tumejipanga, line moja, fimbo mkononi, na mimi nikapuliza mara mbili ili tusimame.

Chebet akasimama na birika lake. Akatuangalia hadi nikadhani nimebeba habari mbaya bila kujua. Nikamuuliza kuna nini.

"Mimi nawajua nyinyi, na bado nimeogopa," akasema. "Mmetokea vile wale watu walitokea."

Ndipo akatueleza. Mwaka mmoja wa vurugu, ambao wengi wenu mnaujua na sitautaja, wanaume walikuja pale wamejipanga hivyo hivyo, na fimbo, na filimbi. Kogo akajificha siku mbili kwenye kichaka kando ya mto na watoto watatu, mkono wake ukiwa juu ya mdomo wa yule mdogo. Waliita jina lake. Hakuitika, na ndiyo maana alipona.

Siku hizi mambo ya jana anayasahau, lakini yale hayajamtoka hata kidogo.

Wakuu, nilikaa chini kwenye matope. Tangu alfajiri nilikuwa namwinda yule mama. Kila nilipopuliza, alikuwa anazidi kujificha. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Hussein hakumlaumu mtu. Alimuuliza Chebet swali moja tu, kwamba saa hizi Kogo angekuwa nyumbani angekuwa anafanya nini.

"Saa kumi anakamua," Chebet akasema. "Hata akisahau jina langu, kukamua hasahau."

Basi fimbo zikawekwa chini. Filimbi mfukoni. Wanaume wote wakarudishwa nyuma ya nyumba na kuambiwa wasitoe hata sauti ya kukohoa. Kuna jamaa mmoja alitaka kubaki arekodi video ya kuweka mtandaoni. Tulielewana naye.

Chebet akamleta ng'ombe mpaka ukingoni, karibu na pale kiatu kilipopatikana. Ndama akafungwa kando kidogo ili alie. Kisha akachuchumaa, akaanza kukamua kwenye ndoo ya bati, akiongea na ng'ombe polepole kama Kogo anavyoongea naye.

Mimi na Hussein tulilala nyuma ya ua na blanketi.

Dakika kumi. Ndama analia, maziwa yanagonga ndoo. Dakika ishirini. Tone la kwanza la mvua likanidondokea shingoni. Nilikuwa naomba, na najua Hussein pia alikuwa anaomba kwa njia yake.

Mahindi yakatikisika.

Kogo akatoka. Mguu mmoja bila kiatu, leso imelowa, majani kichwani, na amekasirika. Akamwambia Chebet kitu kwa Kikalenjin, na Chebet akaanza kulia huku bado anakamua. Baadaye nilitafsiriwa. Alikuwa amesema, "Na huyu ndama umemwachia titi gani?"

Alikuwa hatua kama thelathini tu kutoka barabarani. Mimi nilikuwa nimepita hapo mara mbili.

Alikataa kubebwa mpaka ndama afunguliwe anyonye. Akafunguliwa. Ndipo akakubali blanketi na kikombe cha maziwa ya moto.

Nikageuka kuangalia kule nyuma. Wanaume hamsini walikuwa wanarukaruka na kukumbatiana, mikono midomoni, hakuna sauti hata moja. Mwanawe alikuwa amepiga magoti. Nimeshangilia magoli mengi maishani lakini furaha kama ile ya kimya sijawahi kuiona, na nililia bila kujificha.

Alikaa hospitali siku tatu, akarudi nyumbani.

Somo nililopata: siku hizi tukifika kwa familia, hatuanzi na kuuliza aliyepotea alivaa nguo za rangi gani. Tunauliza huyu mtu anaogopa nini, na saa kama hii huwa anafanya nini. Filimbi bado ninazo, lakini hazitoki mfukoni kabla ya hayo maswali mawili.

Juzi nilienda kumwomba msamaha, Chebet akitafsiri. Kogo alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia mursik, yale maziwa yao ya mgando ya kibuyuni, halafu akasema, "Mimi sikupotea. Nilikuwa kwa shamba langu."

Nikamaliza mursik yangu.

Sasa nyinyi wakuu, siku ukipotea, ni sauti gani itakutoa ulikojificha? Andika hapo chini. Lakini kabla ya kuniandikia mimi, mwambie mtu wa nyumbani kwako.