Gazeti Lililonipa Mimba

Kaka yangu alipofariki, tulifungua sanduku lake la bati nyumbani kwake Kyebando. Chini ya mashati yalikuwamo magazeti ya shule yetu, yale waliyoandika wanafunzi, wino umefifia lakini unasomeka. Kiingereza changu ni kidogo, nikampa mjukuu wangu anisomee. Akasoma, akasita.

"Jajja, hapa wanasema kuna msichana wa darasa la saba ameacha shule. Wanamtakia malezi mema."

"Ndiye mimi huyo, bibi yako. Endelea kusoma."

Sikuwa na mimba. Kila muhula ukianza walikuwa wakitupanga wasichana mstari kutupima mimba. Tunalala mmoja mmoja juu ya benchi, metroni anatuminya tumbo, wavulana wanachungulia dirishani. Mwaka ule nilikataa kulala. Wakanituma nimlete baba. Baba alikuwa polisi, kwake amri ni amri. Akasema rudi ukalale. Sikurudi. Shule yangu ikaishia hapo. Kisha wavulana wa gazeti wakaandika walichoandika, na kambi nzima ya polisi tulikoishi ikaamini. Nilipozaa kweli, nikiwa nimeolewa zamani, bado walikuwapo waliouliza yule wa kwanza nilimpeleka wapi. Majina ya walioandika ninayo yote kichwani. Siyaandiki, maana mimi siyo wao.

Mjukuu akakunja gazeti. "Hata sisi tunapimwa, Jajja. Jumatatu."

Mama yake, binti yangu, akadakia. "Mama, usimtie maneno. Akikataa watamfukuza. Ni kuminywa tu, dakika moja."

"Na mimi ilikuwa dakika moja."

Jumatatu nikavaa gomesi yangu, gauni la heshima, nikaenda naye. Mstari ulikuwa umeshapangwa nje ya chumba cha metroni. Nikapita mbele, nikaingia, nikapanda kitanda cha kupimia, nikalala chali.

"Jajja, unaumwa?" metroni akauliza.

"Nipime. Mwenye mimba ni mimi, imeandikwa gazetini."

Wasichana wakacheka mpaka mwalimu mkuu akaja. Akanibembeleza: shuka, Jajja, mjukuu wako tutamsamehe. Nikamuuliza anamsamehe kosa gani. Nikamwambia sishuki mpaka mstari wote urudi darasani.

Kile kitanda ni mbao tupu, mgongo uliniuma kwelikweli. Lakini kengele ikalia, wasichana wakaenda masomoni bila kuguswa hata mmoja.

"Wiki ijayo tutapima," mwalimu mkuu akasema.

"Sawa, mwanangu. Nitakuja na mto."